Kilo Ishirini

Usiku, umeme umerudi, Aikande anageuza daftari la madeni,
anafungua ukurasa wa mwisho, usio na jina la mtu,
anaandika: Likizo.
Anapiga mstari chini yake mara mbili
kama mwalimu aliyekasirika.

Kisiwa chenyewe hatujui kukitamka.
Mimi nasema Fukwoki, yeye Fukuoku,
mtoto wa jirani anatucheka wote wawili.
Kipo Vietinamu, kusini kabisa.
Bi Thuy alinichorea mgongoni mwa pakiti ya majani ya chai,
kambi ya Barafu, usiku wa kupanda kileleni,
vidole vimekufa ganzi, kalamu inagoma kutema wino:
hapa mashamba ya pilipili manga,
hapa kwa mama yangu,
hapa mchanga, umelala tu, hauna kazi.

Mchanga usio na kazi!
Mimi mpishi wa mlimani, mwaka wa ishirini na mbili huu,
nimechemsha maji yanayotokota kabla ya kuwa moto,
nimekaanga mayai kwenye upepo.
Likizo naijua, ila kwa upande wa jikoni.

Alinipa na kichupa cha sosi ya samaki,
rangi ya chai kavu, harufu ya ugomvi.
Aikande alinusa, akakitoa nje, kikalala dirishani.
Jumapili moja nikadondoshea mtori, matone matatu, kimya kimya.
Akajaza bakuli. Akajaza tena.
Akauliza, "Hii nyama umechukua bucha gani?"
Tangu siku hiyo kichupa kinakaa kabatini,
nasi tunapanga.

Nauli: tarakimu zinavuka pambizo.
Viza: alama ya kuuliza.
Nani atalisha kuku: Ndewirwa, akikubali.
Mlima hulala Aprili, masika ikimwaga,
ndipo mimi napata nafasi;
lakini Bi Thuy anasema kwao mvua huanza Mei,
tuwahi, tusije tukachelewa.
"Yaani tuikimbie mvua ya Rau tukalowe Fukwoki?"
anasema Aikande,
na anaandika: mwavuli, mmoja.

Ndewirwa anauliza bahari ya Tanga imekauka lini.
Basi la asubuhi, saa tisa umeshalowa miguu.
Nimjibu nini shemeji?
Kwamba nataka nifike mahali mtu aniulize,
"Ni mara yako ya kwanza?"
Swali hilo nimewauliza watu nikiwamiminia supu
mpaka nimepoteza hesabu,
na kila aliyesema ndiyo uso wake ulikuwa wazi
kama mlango wa mtu aliyetoka mara moja, anarudi sasa hivi.

Kuogelea hatujui.
Aikande amepata vazi Kiboriloni, mtumba, la kijani,
amelijaribu juu ya gauni, mbele ya kioo cha kabati,
akasimama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jana tumepima begi kwenye mizani yake ya maharage,
ingawa safari ni mwakani na pesa imefika robo.
Getini mchukuzi hapitishwi akizidi kilo ishirini;
uzito huo naujua kwa shingo.
Mshale ukasimama kumi na moja.
"Huko nani atabeba?"
Nikasema wapo wenye kazi yao, tutawalipa,
tutawapa na bahshishi, tena mkononi, si kwa bosi wao.
Wakati nasema hayo begi lilikuwa tayari kichwani kwangu,
nazunguka nalo meza,
naye nyuma yangu, mwavuli wazi ndani ya nyumba,
anauliza tumebakiza saa ngapi kufika.

Kichupa kimebaki na kidole kimoja.
Tumekubaliana hakiguswi mpaka tarehe ipatikane.
Leo kapika mtori mwenyewe.
Nimeonja.
Nimeongeza bakuli, sijasema kitu.